Samli, tui na mafuta ya kupima: kolestro ya watu wa Kusini inapandia wapi?

MtuWaMaabara (Mtwara mjini)

Wakuu habari za leo. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Mtwara. Kati ya vipimo tunavyofanya kipo cha mafuta kwenye damu, na swali linalonifuata hadi nje ya mlango ni lile lile: "Kwa hiyo samli niache?" Ukimdodosa anayeuliza, unakuta samli anakutana nayo kwenye pilau ya harusi na vileja vya Idi, basi. Nyumbani kwake kila siku wanapikia tui na mafuta ya kupima ya dukani, na hivyo haviulizii kabisa. Swali hili halijibiki kwa haraka kwenye korido, ndiyo maana nalifungulia uzi.

Kolestro yenyewe si sumu. Mwili unaitumia kwenye kuta za seli, kutengeneza homoni, nyongo na vitamini D, na sehemu kubwa ya kolestro uliyo nayo imetengenezwa na mwili wako, ini likiwa mstari wa mbele. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo husafiri ndani ya vifurushi. Kifurushi cha LDL kinaisambaza mwilini, na kikizidi kinajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kuanza kujenga uvimbe unaoziba njia. HDL inakusanya ya ziada na kuirudisha kwenye ini.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani mafuta ya kwenye sahani ndiyo hayo hayo yanayokwenda kuganda kwenye mshipa. Sivyo inavyokwenda. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoikamata LDL kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ikavunjwe. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyofichua jambo hili. Vipokezi hivyo ni kama gati za bandarini: zote zikiwa wazi majahazi yanapakua na kuondoka, nusu zikifungwa majahazi yanarundikana baharini. Chakula kikijaa mafuta yaliyoshiba, vipokezi vinapungua na LDL inabaki ikizunguka kwenye damu.

Mafuta yaliyoshiba ni yale yanayoganda kirahisi yakipoa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana asubuhi za Julai hapa kwetu unaikuta chupa imekuwa nyeupe hadi uiweke juani. Chupa ya ufuta ikiwa pembeni yake inabaki maji vile vile.

Sasa samli. Samli ni mafuta matupu, zaidi ya asilimia 99, maana maji na protini ya maziwa vimetolewa motoni. Katika gramu 100 za samli, zaidi ya 60 ni mafuta yaliyoshiba. Kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, gramu 14 hivi, kinakupa karibu gramu 9 za mafuta hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Vijiko viwili na nusu, umefika. Kolestro iliyomo kwenye kijiko hicho ni kama miligramu 35, na hiyo mchango wake ni mdogo. Mzigo uko kwenye mafuta yaliyoshiba.

Kuna jambo la samli ambalo halisemwi sana. Kwenye maziwa, kila tone la mafuta limevikwa utando mwembamba sana. Ukiyatikisa maziwa upate siagi, utando unapasuka na sehemu kubwa inaondoka na maziwa yanayobaki. Ukiichemsha siagi upate samli, na kilichosalia kinakwenda na masimbi unayochuja. Sweden walilipima jambo hili, matokeo yakatoka 2015: watu 57 wenye uzito uliozidi walipewa gramu 40 za mafuta ya maziwa kwa siku, kwa wiki 8. Kundi moja lilikula krimu yenye utando wake, jingine mafuta ya siagi yaliyosafishwa, ambayo ni ndugu wa samli kabisa. Waliokula mafuta yaliyosafishwa LDL yao ilipanda, waliokula krimu haikupanda. Kwa hiyo anayekunywa maziwa ya wafugaji wa Kilwa na anayekaangia samli hawako sawa, hata kama ng'ombe ni yule yule.

Hadi hapa mtaona samli sijaitetea. Lakini hebu tuangalie jikoni kwetu kwa macho makavu.

Nazi moja ya wastani nyama yake ni kama gramu 400. Ndani yake mna mafuta kama gramu 130, na karibu 118 ya hayo yameshiba. Tuseme unapokamua tui nusu inabaki kwenye chicha. Nusu nyingine imeingia kwenye wali wa watu sita: kila mtu amekula karibu gramu 10, sawasawa na kijiko cha samli na zaidi kidogo. Na hiyo ni sufuria ya wali peke yake. Asubuhi kulikuwa na mbaazi za nazi, na jioni kuna samaki wa kupaka au kisamvu cha nazi. Mtu wa Mikindani anaweza kumaliza mwaka hajanunua samli hata robo kilo, na mafuta yaliyoshiba akawa anayapitiliza kila siku ya Mungu.

Juu ya hapo ongeza mafuta ya kupima. Mengi yanayouzwa kwa kipimo madukani ni ya mawese yaliyosafishwa. Mawese yana mafuta yaliyoshiba karibu nusu nzima. Yale yaliyochujwa yakawa laini yana kama asilimia 40. Alizeti ina kama 11, ufuta kama 14. Kwenye dumu wameandika "haina kolestro" na ni kweli, kwa sababu hakuna mafuta ya mmea yenye kolestro ya kuhesabika, hata ya nazi. Mteja anasoma maandishi yale anaridhika, anamimina ya kukaangia mihogo, na kesho anaogopa samli.

Linaloniuma ni hili. Ufuta unalimwa wapi nchi hii kuliko Lindi? Korosho je, kuliko Mtwara? Karanga zipo Masasi na Nachingwea. Mafuta yanayoshusha LDL tunayavuna wenyewe, tunayapakia kwenye magunia kupeleka ghalani kusubiri mnada, halafu jioni tunatuma mtoto dukani na chupa akanunue mawese yaliyovuka bahari. Majaribio 84 ya chakula yaliyochambuliwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani yalionyesha kwamba kila asilimia 1 ya nishati unayoihamisha kutoka mafuta yaliyoshiba kwenda mafuta ya aina iliyojaa kwenye ufuta na alizeti, LDL inashuka kama 0.055 (LDL humu naihesabu kwa milimoli kwa lita). Hamisha asilimia 5, ambayo ni gramu 11 hivi kwa siku, unashusha karibu 0.28. Hiyo ni sufuria moja ya wali iliyopikwa bila tui.

Na angalia neno "kuhamisha". Ukiacha samli ukaongeza wali mweupe na chai yenye vijiko vinne vya sukari, LDL inashuka kidogo tu na mafuta mengine ya damu, traigliseridi, yanapanda. Unachoweka mahali pa samli kina uzito kuliko samli yenyewe. Karibuni tujadili.

BabaSudi (Lindi)

Mkuu nakuheshimu, ila mimi bibi yangu wa Mchinga amekufa na miaka zaidi ya 90, na nazi ilikuwa haikauki jikoni kwake, samli aliipaka hadi kwenye mkate. Hakuwahi kumeza kidonge cha presha. Haya mambo ya kolestro yameletwa na watu wa kuuza dawa.

Mjukuu wa Mikindani

Naunga mkono. Na Wamasai je? Maziwa, nyama, mafuta, na wanatembea kutoka huku hadi kule. Wazungu walishawapima wakakuta mioyo safi. Hapo mtu wa maabara atasemaje?

MtuWaMaabara

BabaSudi, Mungu amrehemu bibi. Bibi huyo alipanda nazi, aliziokota, alizifua na kuzikuna mwenyewe, na shamba alikwenda kwa miguu. Alikula ugali wa mtama au muhogo, mlenda, mbaazi na kunde kwa bakuli. Na wale wa rika lake walioanguka wakiwa na 55 bila mtu kujua sababu, kijijini ilisemwa amerogwa au ni kudra, hawakumbukwi kwenye mazungumzo kama haya. Tunamkumbuka aliyebaki.

Mjukuu, hoja ya Wamasai ni nzuri na inastahili jibu zima. Daktari wa Marekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika miaka ya 60 mwanzoni. Kweli, walikula mafuta ya maziwa kwa wingi na kolestro yao ilikuwa chini. Lakini alirudi, na mwaka 1972 akachapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa ilikuwa na uvimbe wa mafuta, tena si haba. Kilichowaokoa, kwa maelezo yake, ni kwamba mishipa yao ilikuwa imetanuka, damu inapita pamoja na uvimbe kuwepo, na alihusisha kutanuka huko na kutembea kwao. Kwa hiyo mshipa safi haukuwepo. Ulikuwepo mshipa mpana wa mtu anayetembea kutwa. Halafu kumbuka hadithi ya utando: walikunywa maziwa, hawakunywa samli.

Wa nazi pia wapo. Visiwa vya Tokelau na Pukapuka, bahari ya Pasifiki, walichunguzwa na matokeo yakatoka 1981. Tokelau walikuwa wanapata zaidi ya nusu ya nishati yao kutoka kwenye nazi, Pukapuka kama theluthi. Kolestro ya Tokelau ilikuwa juu zaidi ya ya Pukapuka, kama unavyotarajia. Magonjwa ya moyo yalikuwa machache pande zote mbili, na watu hao walikula samaki na nazi nzima, sukari kidogo, hawakukaa kwenye kiti kutwa. Sisi tumechukua nazi yao tukaacha mengine yote. Tuna nazi, bodaboda hadi dukani, soda, na chapati mbili za mawese asubuhi.

Mama Vileja (Mtwara, Chikongola)

Mwanangu asante kwa somo. Mimi ninaishi kwa vileja na keki za Idi, na wateja wangu wanajua mkono wangu. Samli ya ng'ombe bei yake imekuwa kubwa, kwa hiyo wenzangu wengi wamehamia kwenye ile samli ya mimea ya kopo, ile nyeupe ngumu. Muuzaji anatuambia hii ndiyo salama kwa moyo kwa sababu haitoki kwa mnyama. Ni kweli? Nataka jibu la wazi maana wanaokula ni wajukuu wangu pia.

MtuWaMaabara

Shikamoo mama. Jibu la wazi: si kweli, na katika yote yaliyozungumzwa humu hilo ndilo ningelikataa kwanza.

Mafuta ya mmea kwa kawaida ni maji. Ili yawe magumu kama samli, kiwandani huingizwa haidrojeni. Yakiingizwa nusunusu, yanatokea mafuta ya aina ya transi. Mwaka 1990 Mensink na Katan, watafiti wa Uholanzi, walionyesha kwamba mafuta ya transi yanapandisha LDL na papo hapo yanashusha HDL. Samli ya ng'ombe inapandisha LDL lakini HDL haiishushi namna hiyo. Kwa hiyo mama, kopo lile likiwa la aina hiyo ya zamani, ya haidrojeni nusunusu, umemtoa mla vileja kwenye baya ukampeleka kwenye baya zaidi. Denmark waliweka kikomo mwaka 2003, na 2018 Shirika la Afya Duniani likaomba dunia nzima iyaondoe kwenye chakula.

Chukua kopo lako usome maandishi madogo ya viungo. Ukiona imeandikwa kwamba mafuta yameongezwa haidrojeni kwa sehemu, liache dukani. Ukiona mawese tu bila hilo neno la haidrojeni, basi ni mafuta yaliyoshiba ya kawaida, karibu na samli, hayana cha kujivunia wala si mabaya kuizidi. Kopo lisilo na maelezo yoyote ya viungo, mimi nisingelipikia wajukuu.

Nahodha Msimbati

Vipi pweza na kamba? Tunaambiwa wana kolestro nyingi kupita nyama. Mimi ni mvuvi, pweza nakula karibu kila siku.

MtuWaMaabara

Nahodha, kula pweza wako. Kweli kamba na pweza wana kolestro, lakini mafuta yaliyoshiba kwao ni kidogo mno, na kama nilivyosema hayo ndiyo yanayoufunga mlango wa ini. Kolestro ya kwenye chakula kwa watu wengi inaisukuma LDL kidogo tu. Tena nyinyi mna vibua na dagaa, wana omega-3, aina ya mafuta ya samaki inayosaidia kushusha traigliseridi. Shida ni rojo la tui zito analoogelea pweza, au karai la mawese lililokaangiwa tangu asubuhi. Pweza wa kuchemsha na ndimu na pilipili, pale ufukweni, sina neno naye.

Kwa wanaokaa baraza jioni: kahawa yetu ya kuchemsha kwenye mdila, isiyochujwa kwa karatasi, ina mafuta yanayoitwa kafestoli ambayo nayo yanapandisha LDL. Kikombe kidogo kimoja au viwili si habari. Mtu wa vikombe vinane mfululizo ambaye LDL inamsumbua, apunguze ajipime tena.

Mjukuu wa Mikindani

Mkuu nimekuelewa kwenye Wamasai, ila kwenye nazi bado. Nimesoma nazi inapandisha pia HDL, ile nzuri. Si zinasawazishana?

MtuWaMaabara

Ni kweli inaipandisha. Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta kama ya alizeti na zeituni. LDL ilipanda kama miligramu 10 kwa desilita, HDL kama 4; kwa milimoli kwa lita ni kama 0.27 na 0.1.

Tatizo ni kudhani HDL inafuta dhambi za LDL. Kuna kampuni ilitengeneza dawa iitwayo torcetrapib, ilipandisha HDL kwa kiwango kikubwa sana, na Desemba 2006 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliotumia dawa walikufa zaidi. Na mwaka 2012 wataalamu wa vinasaba walionyesha kwamba watu waliozaliwa na HDL ya juu kwa sababu ya vinasaba fulani hawakuwa na nafuu ya shambulio la moyo kama ilivyotarajiwa. LDL habari yake ni nyingine: kila ikishushwa kwa milimoli 1 kwa lita kwa dawa, mashambulio makubwa ya moyo na kiharusi yanapungua kama asilimia 22. Kwa hiyo nikiangalia majibu, macho yangu yanakwenda kwenye LDL.

Sisemi nazi iondoke Kusini. Haiondoki, na mimi mwenyewe wali wa nazi naupenda. Tui jepesi badala ya zito, siku tatu badala ya saba, na kisamvu siku nyingine kiungwe kwa karanga au ufuta wa kusaga. Bibi zetu walikiunga hivyo pia, tena kitamu.

BabaSudi

Kuna uchambuzi wa mwaka 2014 ulisema mafuta yaliyoshiba, kama ya siagi, haukuyaona na uhusiano na ugonjwa wa moyo. Kwa nini hamuusemi?

MtuWaMaabara

Nausema. Ulitoka kwenye Annals of Internal Medicine, na ukazua mabishano makubwa. Wao walikusanya zaidi tafiti zinazowauliza watu wanakula nini kisha kuwafuatilia. Asiyekula siagi kwenye tafiti hizo alikuwa anakula nini badala yake? Mara nyingi mkate mweupe na sukari. Ukilinganisha siagi na mkate mweupe, tofauti utaitafuta kwa tochi. Ukienda kwenye majaribio ambayo watu walipunguziwa mafuta yaliyoshiba kwa miaka miwili au zaidi, yapo 15 yenye watu zaidi ya elfu 50, matatizo ya moyo na mishipa yalipungua kama asilimia 17, na nafuu ilionekana zaidi pale ambapo mafuta ya mimea ya maji yalichukua nafasi. Ndiyo hoja yangu ya kuhamisha.

Kijana wa Newala

Samahani kaka, mimi ni mwembamba, nina kilo 58, nyama sili sana. Nimepima nimeambiwa LDL ni 5.3. Mashine imekosea? Baba yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 44. Nimepewa vidonge lakini jirani ananiambia ninywe maji ya ndimu na kitunguu saumu, vidonge vinaharibu ini.

MtuWaMaabara

Mdogo wangu, pole sana kwa mzee. Na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito.

LDL iliyofika 4.9 na kuendelea kwa kijana mwembamba, na baba aliyefariki ghafla chini ya miaka 55, inatufanya tufikirie tatizo la kurithi. Wapo watu, kama 1 katika kila 250 hadi 300, wanaozaliwa na vipokezi vya ini vyenye kasoro. LDL yao iko juu tangu utotoni hata wakila mchicha mtupu. Chakula peke yake hakitoshi kwao. Rudia kipimo kuthibitisha, sawa, lakini vidonge usiviache kwa ushauri wa jirani. Daktari aliyekuandikia ndiye wa kumuuliza kuhusu ini, na kuna kipimo cha damu cha kuliangalia. Mwambie pia habari ya baba yako, wengi hawaisemi. Ndugu zako wa tumbo moja wapimwe.

Ndimu na kitunguu saumu ni viungo vizuri vya mboga. LDL ya 5.3 havitaishusha hadi mahali salama. Na usisubiri dalili. LDL haiumi wala haikoseshi usingizi, hadi siku mshipa unapoziba.

Kijana wa Newala

Nimekuelewa kaka. Nitakwenda Jumatatu na dada yangu.

Ufuta wa Ruangwa

Wakuu nimesoma kimya kimya tangu juu, sasa nichangie mimi mkulima. Mtu wa maabara umegusa kidonda. Nyumbani kwetu ufuta tunauvuna kwa magunia na mke wangu anapikia mafuta ya dukani. Nikihoji, jibu ni kwamba ufuta ni hela, huli hela.

Na si jambo la jana. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza waliishiwa mafuta ya kula kwao, wakaja Tanganyika 1947 kulima karanga: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilitokana na mpango ule. Mwaka 1951 waliuacha, reli nayo ikafungwa miaka ya 60. Ardhi yetu walitaka kuifanya iwakaangie watu wa Uingereza, na mpaka leo tunalima mafuta ya watu wengine. Bei ya mnada ikipanda tunafurahi, mimi nikiwa wa kwanza, sitaki kudanganya, ada za watoto zinatoka hapo. Lakini gunia moja kati ya yote kubaki nyumbani halimfukarishi mtu.

Mama Vileja

Baba wa Ruangwa, ukilibakiza hilo gunia unalifanyaje? Mashine za kukamua ufuta mimi sijaziona huku mjini.

Ufuta wa Ruangwa

Mama, mashine ndogo zile zile za kukamua alizeti zinakamua na ufuta, mwenye mashine akikubali kuisafisha kwanza. Cha muhimu ni mchanga. Ufuta wetu unapigwa juu ya turubai lakini mchanga mwembamba unaingia tu, na mchanga unakula mashine, ndiyo sababu wenye mashine wanatukataa. Upepete, uuoshe haraka kwenye maji, mchanga uzame chini, kisha uanike hadi ukauke kabisa, ukiushika unateleza mkononi. Ufuta una mafuta karibu nusu ya uzito wake, ila mashine ndogo haitoi yote. Mashudu usiyaache kwa mwenye mashine, ni chakula kizuri cha kuku. Mafuta yaache yatulie kwenye ndoo siku kadhaa, uchafu ushuke, uyachote ya juu uyaweke kwenye chupa, kabatini kwenye giza.

Asiyepata mashine asikate tamaa. Kaanga ufuta mkavu kidogo, utwange kinuni na chumvi, ndiyo kiungo cha mchicha tayari. Korosho zile zilizovunjika zinazokataliwa kwenye daraja la kwanza nazo zisagwe, mchuzi unakuwa mzito kama wa tui.

MtuWaMaabara

Hapo kwenye korosho umenisaidia. Gramu 100 za korosho zina mafuta kama 44, na yaliyoshiba ni 8 tu. Majaribio ya korosho na LDL yanapishana, mengine ilishuka kidogo, mengine haikutikisika, lakini kubadilisha tui zito kwa korosho ya kusaga ni hesabu nzuri kwa yeyote. Na mbaazi msizisahau. Majaribio 26 ya kunde, maharage na jamii hiyo yalionyesha kula kama gramu 130 zilizopikwa kwa siku kunashusha LDL kwa 0.17. Mbaazi tunazo hadi tunakosa pa kuziuzia.

Mama Vileja

Sasa la mwisho kwa nyote wawili. Hayo mafuta ya ufuta nitayaweza kwenye vileja?

Ufuta wa Ruangwa

Mama, hapo vitakushinda. Kileja kinataka mafuta yanayoganda, ukiweka ya maji unga haushikani na kinatoka kigumu kama biskuti ya jeshi. Labda uchanganye robo.

MtuWaMaabara

Mama, vileja vipike kwa samli ya ng'ombe halisi, uvifanye vidogo kidogo, na uvipike wakati wa Idi kama zamani. Mafuta ya ufuta uyapeleke kwenye mchicha, mchuzi wa samaki na maandazi ya kila asubuhi, maana hayo ndiyo wajukuu wanayakula siku zote.